Kioo cha Msusi na Pikapu Nyeupe

Nilikaa upande kwenye keria ya baiskeli, miguu yote miwili inaning'inia upande wa mtaro. Mkono mmoja nilikuwa nimeshika kiuno cha mjukuu wangu wa kike, mwingine nimeshika fremu ya mbao iliyofungwa nyuma yangu, na ndani ya fremu kulikuwa na kioo cha kujitazamia, kirefu kama mtoto wa darasa la pili na kizito kumshinda. Tulikuwa tunakitoa karakana kukipeleka kwa msusi mmoja anayefungua saluni upande wa pili wa mji. Mimi nilikwenda kwa sababu mbili. Kioo kilihitaji mtu wa kukituliza, na msusi aliahidi kunisuka bure. Nywele nilizobakiwa nazo hazijazi hata kitana, lakini cha bure hakiachwi.

Mjukuu mwenyewe tunamwita Kengele. Baiskeli yake haina kengele na haijawahi kuihitaji. Mtu akikatisha mbele yake anafungua mdomo tu, na njia inakuwa nyeupe. Ni fundi vioo. Alijifunza kwa mjomba wake, akakaa miaka anamshikia vipande na kufagia vumbi la vioo, na kile cha msusi kilikuwa cha kwanza kikubwa alichokikata peke yake. Kingo alizisugua mpaka ukipitisha kidole unadhani umepitisha kwenye sabuni.

Ugomvi wake ulikuwa na madereva. Dereva akimbana barabarani, Kengele alikuwa anamfuata mpaka kwenye foleni na kumgongea boneti kwa kiganja, kisha anamsomea risala. Mama yake, yaani binti yangu, alishasema mpaka koo likamkauka. Gari likikuchokoza lipishe. Usijibu. Nenda penye watu. Na mtu wa namna hiyo usimlete nyumbani. Kengele alikuwa anaitikia ndiyo mama, huku anajaza upepo. Halafu siku moja akarudi na goti limevimba kama boga, dereva kamfungulia mlango kwa makusudi. Mbele yake nililicheka lile goti. Nilipoingia chumbani nililia. Nilikuwa na hofu moja tu na niliijua kwa sura: kwamba mdomo ule utamkutanisha na mtu asiye na simile, na habari italetwa mlangoni kwetu na watu wasiotuangalia usoni.

Sasa, kioo cha kujitazamia hubebwa uso ukiwa nje. Mgongo wake umepakwa rangi, na rangi hiyo ikichubuka kidogo tu, kioo kinaota madoa meusi na ndiyo mwisho wake. Kwa hiyo Kengele aliulaza mgongo kwenye blanketi, upande wangu, na uso ukaelekea nyuma tulikotoka. Ilikuwa alasiri, jua liko mgongoni kwetu.

Tulipovuka daraja barabara ikawa nyembamba. Kushoto mtaro wa zege unaoweza kummeza mtu mpaka kiunoni, kulia malori yanakuja mfululizo. Hapo ndipo honi ililia nyuma yetu. Haikuwa ile fupi ya kistaarabu inayosema nipo nyuma yako. Hii ililia ikaendelea kulia, kama mtu kailalia.

Kugeuka sikuweza, fremu ilikuwa imeniziba. Nikachungulia pembeni mwa mbao, kama mtu anayepeleleza mambo ya jirani. Nikaona pikapu nyeupe yenye chuma kinene mbele, na dereva ameinua mkono usawa wa paji la uso, kiganja kimeelekea kwetu. Nikaona ananisalimu, tena kiaskari. Mimi nina adabu zangu. Nikampungia.

Honi ikazidi.

Kengele akauliza huyo anataka nini. Nikamwambia ampishe. Akasogea kushoto mpaka magurudumu yakawa yanakanyaga mchanga wa ukingoni na mimi nikawa nauona mtaro katikati ya viatu vyangu. Nafasi ya kupita ilikuwepo, hata lori lingetosha. Pikapu haikupita. Ilibaki pale pale nyuma, ikasogea, ikarudi, ikasogea tena, mpaka nikaanza kuhisi joto la injini kwenye visigino.

Kila tuliporuka shimo fremu ilicheza, nami nikaituliza, na kila nilipoituliza honi ililia upya. Mambo hayo mawili niliyaona yote, ila kuyafunga pamoja sikuweza. Akili yangu ilikuwa kwenye visigino.

Nikamwambia Kengele kwamba nadhani huyo mwanaume kanipenda, kwa hiyo mke mwenza asione wivu. Siku zote utani huo humchekesha mpaka tukayumba. Safari hii hakucheka. Mbavu zake zilikuwa zinapanda na kushuka chini ya mkono wangu, nikajua kuna tusi linapangwa humo ndani, linatafutiwa maneno.

Nikamwomba anyamaze. Akasema hajasema kitu. Nikamwambia ndiyo, namwomba aendelee hivyo hivyo.

Ndipo pikapu ilipopita. Ilipita imetubana kiasi kwamba kioo chake cha pembeni kilimgonga Kengele kiwiko, halafu ikaingia mbele yetu ghafla na kufunga breki. Kengele naye akafunga zake. Fremu ikanisukuma ubavuni, kiatu changu cha kushoto kikaenda mtaroni, na gurudumu la mbele likasimama likiwa linakaribia kulibusu bampa. Vumbi lilipotulia tulikuwa bado tumesimama wima, na sijui ni kwa nguvu za nani.

"Barabara umeachiwa urithi na baba yako?" Kengele akauliza, kwa ile sauti yake inayosikika mpaka sokoni.

Mlango wa pikapu haukufunguka. Zikawaka taa nyeupe za kurudi nyuma.

Nimezaa, nimezika, nimeng'olewa jino bila ganzi. Lakini sijawahi kuona kitu kinachotisha kama zile taa mbili ndogo zinazotusogelea taratibu, bila haraka yoyote. Kengele akaichomeka baiskeli katikati ya gari na mtaro, akakanyaga kwa nguvu zote, na mgongo wangu ukasugua mlango wa pikapu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia mle ndani. Hakufoka. Alisema kwa upole, kama mtu anayeagiza chai.

"Leo mtanijua."

Tulipompita nilitegemea honi. Haikulia. Nikachungulia pembeni mwa mbao, nikaona pikapu imeanza tena kutufuata, kwa mwendo wetu ule ule. Kengele akiongeza, inaongeza. Kengele akichoka, nayo inachoka. Malori yalikuwa yanaipita kwa kulalamika, yeye hana habari nayo. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, ule mwingine bado umekinga macho. Hapo ndipo utani wote uliponiisha. Ile honi ilikuwa hasira. Hiki kimya kilikuwa na nia.

Mbele kidogo kuna kona ya kuingia kwetu. Kengele alikuwa hana pumzi, miguu inamtetemeka kwenye pedali, na mtu aliyechoka namna hiyo miguu yake inajua njia moja tu. Akatoa mkono kuonyesha kwamba anakata kona.

Nikamfinya kiunoni. "Usimpeleke nyumbani. Mama yako yuko peke yake."

Mkono ukarudi. Alitoa pumzi iliyofanana na kilio, akanyoosha moja kwa moja. Nikamwambia twende kwenye mashine ya kusaga. Pale siku zote kuna foleni ya wanawake na ndoo zao, wanawake wasiotaka kupitwa na jambo. Kama kuna mahali pa mtu kuumbuliwa, ni pale.

Siku hiyo hapakuwa na mtu. Uwanja mtupu, ndoo moja imefunikwa, na ndani mwenye mashine anasaga peke yake, mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi. Mashine ilikuwa inanguruma kiasi kwamba nilimwita kwa nguvu zangu zote na sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Kengele akaegemeza baiskeli ukutani. Pikapu ikaingia uwanjani nyuma yetu. Uwanja ule huingilia huku na kutokea kule, na njia ya kutokea inapita ukutani pale pale tulipokuwa. Ikaja ikasimama pua yake hatua chache kutoka kwenye kioo.

Akashuka. Nilikuwa nimejitengenezea jitu kichwani, kumbe mwanaume wa kawaida tu, shati limepigwa pasi, ana kitambi kidogo, macho mekundu yanachuruzika machozi. Mkononi alikuwa na chuma cha kufungulia nati za magurudumu. Na ule mkono ulikuwa unatetemeka. Hilo ndilo lililoniogopesha kupita yote. Anayekutishia kwa mkono uliotulia, angalau anajua anakusudia wapi.

Mwenye mashine alimwona kupitia mlangoni. Akazima mashine.

"Tangu darajani mnanichoma na jua machoni," yule mwanaume akasema. "Nimekoswa na lori kwa unywele. Sioni mbele, napiga honi, na huyu bibi ananipungia."

Kengele akageuka kukitazama kioo chake. Mimi pia. Jua lilikuwa limekaa mle ndani kama mkaa, na doa lake limetua kwenye shati la yule mwanaume, linacheza. Nikaona jinsi jambo lilivyomwingia mjukuu wangu. Uso wote ulimshuka. Akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akimfanyia dereva yeyote. Aliomba radhi. Akamwambia hakujua, hakukusudia, hivyo ndivyo vioo vyao vinavyobebwa, na akanivua mtandio mabegani akaanza kukifunika.

Nikadhani yameisha. Nikaanza hata kukitafuta kiatu changu kwa macho, nikakumbuka kipo mtaroni.

Lakini yule mwanaume alikuwa ametoka mbali na hasira yake, na hakuwa na mahali pa kuiweka. Akauvuta ule mtandio akautupa chini. Akamwambia Kengele asogee, anakivunja.

Kengele akasimama mbele ya kioo, mikono ameitanua. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo ni kazi yake ya mikono. Mwanaume akasema toka. Kengele hakutoka. Chuma kikapanda mpaka usawa wa bega, na nikaona midomo ya mjukuu wangu inaanza kufunguka. Naijua ile midomo. Neno lililokuwa linakuja lingekuwa zuri, la kukumbukwa, lingeelezwa kwenye matanga.

"Mwache avunje," nikasema.

Akaniangalia kama nimemuuza sokoni.

"Bibi."

"Toka hapo, mama. Avunje."

Sijawahi kumwita mama isipokuwa alipokuwa mchanga na homa. Akafunga mdomo. Akasogea pembeni, machozi yanamtiririka bila sauti, akasimama ameshikilia ukuta.

Yule mwanaume akabaki na kioo peke yao. Nadhani alitegemea kuzuiwa zaidi. Alikipiga mara moja, tena si kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua. Kikapasuka chote, kikatulia kidogo kwenye fremu, kisha kikamwagika chini kwa mlio ambao ulinipita kwenye meno. Vipande vilitawanyika mpaka chini ya pua ya pikapu, mbele ya magurudumu. Akavitazama. Akarudi garini, akafunga mlango, akawasha injini.

Nikashukuru kimoyomoyo. Kioo kimekwenda, mtoto yupo. Basi aende zake, asitupitie tena hata ndotoni.

Ndipo Kengele alipochukua ufagio.

Watu wa vioo wana mwiko mmoja, mjomba wake aliuingiza kichwani mwake kabla hajamruhusu kugusa hata kipande cha dirisha. Kioo kilichoanguka chini ni cha fundi mpaka kitakapookotwa. Haijalishi nani kavunja. Huondoki ukaacha vipande mahali wanapopita watu na baiskeli na watoto wasio na viatu, na huachi gari livisage viwe vumbi lisiloonekana. Ni mwiko mzuri. Ila siku ile ulimpeleka mjukuu wangu moja kwa moja mbele ya gurudumu la mtu aliyekuwa anataka kumuua. Mtu mwenye kazi nyingine yoyote angekaa mbali na lile gari. Mshona viatu angekaa mbali. Hata mwehu angekaa mbali.

Alichukua ufagio wa mwenye mashine mlangoni, na bati la kuzolea, akaenda akachuchumaa mbele ya pikapu. Kichwa chake kilikuwa chini ya kile chuma kinene cha mbele. Kutoka kwenye usukani nadhani alionekana kisogo tu.

Dereva akapiga honi mara moja. Kengele hakuinua uso. Aliinua kiganja, subiri, akaendelea kufagia.

Injini ikanguruma, ikapanda. Nikaona gurudumu linajisogeza, kidogo sana, unene wa kidole, likakiminya kipande kimoja kikalia. Mwenye mashine aliweka mikono kichwani, unga ukammwagikia mabegani. Katika maisha yangu nimemwomba Kengele anyamaze mara nyingi kuliko nywele zangu, na sasa alikuwa kimya, na kimya chake kilinitisha kuliko makelele yake yote, kwa sababu sikujua mwisho wake uko wapi.

Sikuamua. Miguu yenyewe ilikwenda, mmoja na kiatu, mwingine bila. Nikajikuta nimesimama mbele ya pikapu, kando ya mjukuu wangu, nimemshikia bati.

"Angalia mguu wako, Bibi," akaniambia taratibu. "Hapo kuna kikali."

Nikausogeza mguu. Juu yetu injini ilikuwa inapumua. Nilikuwa nimeinama, siwezi kumwona dereva, naona tu sahani ya namba na matone ya matope juu yake, na joto la rejeta linanipiga usoni. Nikawaza binti yangu nyumbani, anakunja nguo, hajui kitu. Nikawaza kwamba mtu akitaka kutupitia sasa hivi hahitaji hata kukasirika, inatosha mguu umchoke kwenye kanyagio.

Injini ikazimika.

Kukawa kimya kiasi kwamba tulisikia vipande vikiteleza kwenye bati. Kengele hakuharakisha. Akafagia mbele ya gurudumu la kulia, akahamia la kushoto, kisha akaweka ufagio chini na kupapasa udongo kwa kiganja wazi, kama anavyopapasa meza yake kabla ya kulaza kioo. Akapata kijipande kilichomchoma, akakichomoa, akakiweka kwenye bati na damu yake. Akapapasa tena. Ndipo akasimama, akanivuta mkono tukasogea ukutani.

"Pita, kaka," akasema.

Yule mwanaume alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na anatazama mbele, si sisi. Sijui alikuwa anaona nini. Aliwasha gari, akapita taratibu sana, magurudumu hayakulia kitu. Hakuomba radhi wala hakutukana. Akatoka uwanjani, tukasikia anakata kona.

Mwenye mashine akanikalisha kwenye ndoo iliyofunikwa na kunipa maji, na nusu nikayamwaga kifuani. Alitaka kujua yule ni nani yetu. Nikamwambia ni mchumba wangu, tumekorofishana. Alicheka peke yake, kisha akaona haya.

Kengele alikuwa amekaa chini na mgongo ukutani, kiganja chenye damu amekikunja. Alinilaumu. Alisema nilimwachia mtu avunje kazi yake bila hata kumzuia kwa neno. Nikamwambia ni kweli. Akasema msusi atafungua saluni bila kioo. Nikamwambia hilo nalo ni kweli, kesho tutakwenda kumweleza, na mimi nitasukwa kwa kukisia. Kisha akauliza bila kuinua kichwa.

"Ameenda?"

Nilijivuta mpaka kwenye lango nikachungulia. Barabara ilikuwa na malori yake, na mbele kule, karibu na kona ya kwetu, kulikuwa na pikapu nyeupe imesimama pembeni. Inawezekana ilikuwa yake. Inawezekana ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, anasubiri mtu wake. Pikapu nyeupe ni nyingi kama nzi, na macho yangu hayana kiapo.

"Ameenda," nikamwambia.

Kisha nikamuuliza mwenye mashine, pembeni, kama kuna njia ya kufika kwetu isiyopitika kwa gari. Akanionyesha uchochoro nyuma ya nyumba yake, katikati ya kuta mbili, ambao hata mkokoteni haupiti. Kengele akaniangalia, akaangalia uchochoro, akaelewa. Aliinua baiskeli, fremu tupu inagongagonga kwenye keria, akaingia mbele na mimi nyuma yake na kiatu kimoja. Kila injini iliposikika ng'ambo ya ukuta tulisimama wote wawili, tukasikiliza mpaka ipite, ndipo tukaendelea.